Ua Lisilotaka Maji

Tangu niolewe katika nyumba hii, mama mkwe wangu amekuwa akifa kila mwaka. Huanza majani ya mitofaa yanapoanza kupukutika. Huita watu, huwaomba radhi, humwambia mwanawe achimbe kaburi upande gani wa makaburi ili asilale karibu na wambea, kisha husogea kwenye sandali, ile meza yetu fupi yenye makaa chini na mfarishi juu, hufunika miguu na kungoja. Hangoji kifo. Hungoja siyohgush.

Siyohgush ni ua dogo la zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Halizidi sana kimo cha kikombe, na huku kwetu Khovaling huchomoza mlimani theluji ikiwa bado inayeyuka ubavuni mwake. Wa kwanza kuliona hulileta nyumbani. Wazee hulipitisha kwenye jicho moja, kisha la pili, wakamshukuru Mungu kwa kuwavusha baridi, na aliyelileta hupewa zawadi. Bi Oymo, mama mkwe wangu, akishalipitisha machoni huutupa mfarishi, husimama, na jambo la kwanza analofanya katika mwaka mpya wa uhai wake ni kuniuliza mbona uani hakujanyunyizwa maji.

Mimi ni Tojinisso. Nimezaa watoto watatu hapa, wa kwanza ameshaota ndevu, lakini bado naitwa bibi arusi. Kwetu mwanamke huwa bibi arusi mpaka mama mkwe wake afe, na habari za kufa kwa mama mkwe wangu nimeshawaambia.

Aliyekuwa akimpandia mama mlima kila mwaka ni mume wangu, Safarmad. Ni dereva wa tingatinga la barabara, mtu mkubwa, mpole, isipokuwa akiwa na njaa. Mwaka goti lilipomharibikia alipanda hivyo hivyo, akapata ua moja, akashuka kwa makalio, na chini ya mlima akakutana na binamu yake Odina, ambaye walikuwa wamemvisha kofia mpya ya Bwana Misitu.

"Kaka, hilo ua limekatazwa," Odina akamwambia.

"Najua. Ni la mama yako mkubwa."

"Basi leo sijaliona. Mwakani nitaliona. Watu wameyang'oa mpaka mlima umepata kipara. Mwakani nitakuandikia faini, kisha nitakuja kula kwako, na wewe utanikaribisha."

"Nitakukaribisha," Safarmad akakubali, kwa maana angefanya nini.

Bi Oymo akalipitisha ua machoni, akalirudia tena kwa kulipenda, akalitazama goti la mwanawe lililovimba. "Na mwakani nani atapanda?"

"Mwakani hapandi mtu, Mama. Litatoka lenyewe hapa uani."

"Mdomo wako ungekuwa ndio goti," mama mkwe akasema, "tungeshafika Makka."

Lakini Safarmad akishasema neno mbele ya mama yake hulibeba. Mwezi wa tano yeye na wenzake walipewa kazi ya kupanua barabara chini ya mlima uleule, na ubavu wa mlima wenye siyohgush ukawa unakwenda kuliwa na tingatinga. Akamwendea Odina. Odina akafikiri, akavua kofia, akaivaa tena, akatoa hukumu: yale yatakayofukuliwa na tingatinga na kufukiwa, achukue, akichimba hata moja kwa jembe lake, faini iko palepale.

Basi mume wangu akawa anaendesha tingatinga, anasimama, anashuka na goti lake bovu, anaokota, anapanda, anaendesha. Wenzake walidhani amedondosha meno. Jioni alirudi na kofia imejaa matunguu. Tunguu la siyohgush si kama kitunguu cha mchuzi. Chini yake lina mizizi minene kama karoti changa zilizokataa kukua, na ukiivunja umelivunja miguu. Safarmad, ambaye akifungua mlango hubaki na kitasa mkononi, aliyabeba matunguu yale kama mayai.

Alileta pia tela la udongo mwekundu kutoka palepale, wa kuzibia paa la zizi lililokuwa likivuja. Paa la udongo ni kazi ya bibi arusi. Udongo unatakiwa uchekechwe, uchanganywe na makapi ya ngano, ukandwe, upakwe. Siku hiyo unga wangu ulikuwa umeumuka na tanuri linawaka. Nilipandisha ndoo chache za mabonge kama yalivyokuja, nikayalundika juu ya tundu, nikayagongagonga kwa nyuma ya koleo, nikashuka kuoka mikate.

Bi Oymo alikuwa ameketi uani akiangalia juu. "Bibi arusi, umeziba paa au kuku ametaga?"

"Maji hayapiti, Mama."

"Udongo haukuchekechwa."

"Ng'ombe hajalalamika."

"Ng'ombe hana mama mkwe," akasema.

Tangu siku ile, kila alipokosa la kusema alirudi kwenye chekeche. Mkate ukiungua, ni kwa sababu mimi ni mtu asiyechekecha udongo. Mtoto akifeli hesabu, je, mama yake si yule asiyechekecha udongo?

Matunguu Safarmad aliyapanda kando ya kitanda kikubwa cha uani, kile tunachokalia na kulia chakula, kwa sababu ndipo jua linapopiga sana. Alichimba chini sana, akachanganya changarawe ili maji yasikae, akazungushia uzio wa fito ili hata kifaranga asikanyage. Majani yalipomaliza kukauka akatukusanya.

"Sikilizeni. Hili ua sasa limelala. Halitaki maji, hata tone, mpaka baridi irudi. Likipata maji kiangazi linaoza."

"Kiangazi chote?" mama mkwe akauliza. "Hata la kulowesha ulimi?"

"Mlimani kiangazi nani analimwagilia, Mama?"

"Mlimani lilikuwa kwao. Hapa ni mgeni wetu. Unamwalika mgeni unamnyima maji?"

"Huyu mgeni maji yanamuua."

"Sijawahi kusikia mgeni wa namna hiyo," akasema Bi Oymo, na mimi nikamwona amefunga mdomo kwa namna ninayoijua, namna ya mtu aliyeahirisha.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Nyumba yetu, kama nyumba zote zenye heshima, hunyunyizwa maji asubuhi na jioni kabla ya kufagiwa. Ni kazi yangu. Safarmad alichora mstari kwa kisigino, akaniambia nisiuvuke na ndoo yangu. Mama mkwe akaniambia uwanja usionyunyizwa ndimo shetani anamonywea chai. Nikanyunyiza nusu. Uwanja ukawa nusu unameta, nusu vumbi, na wageni wakawa wanauliza kama tumegawana urithi.

Halafu kuna Bi Savri, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye huruma nyingi na haya kidogo. Akinywa chai, machicha yake huyarusha nyuma ya bega bila kutazama. Siku ya kwanza aliyarusha moja kwa moja ndani ya uzio.

"Bi Savri, hapo hapamwagwi," Safarmad akasema kwa upole.

"Pamekauka hivyo, mwanangu. Nimepaonea huruma."

"Pamelala."

"Anayelala huamka na kiu."

"Huyu hana kiu."

"Wewe umemuuliza?" Bi Savri akasema. "Hata mfungwa hupewa maji, Safarmad. Kuna thawabu katika kila tone. Wewe unataka kunizuilia thawabu zangu katika umri huu?"

Safarmad akahamisha mto wa Bi Savri upande wa pili wa kitanda. Bi Savri akajifunza kurusha kwa mkono wa kushoto. Siku ya wageni walionawa mikono, mume wangu alisimama mbele ya uzio na beseni kama golikipa, akipokea maji ya kila mtu, wageni wakadhani ni heshima mpya iliyotoka Dushanbe.

Pamoja na ulinzi wote huo, kila asubuhi udongo ndani ya uzio ulikuwa umelowa. Si sana. Mduara mmoja wa unyevu, mbichi, katikati kabisa. Safarmad aliutazama, kisha akaitazama ndoo yangu.

"Si mimi," nikamwambia.

"Nani mwingine ana ndoo?"

"Kijiji kizima kina ndoo, Safarmad."

Mwezi wa nane alishindwa kuvumilia, akaingiza vidole ardhini. Alivitoa vina uji wa kahawia unaonuka. Akachimba pengine, uji. Akachimba kote, uji. Aliketi chini na goti lake limenyooka mbele, akafuta vidole kwenye fito za uzio wake, kimoja kimoja.

"Mama asijue," akasema mwishowe. "Ameshaanza kuhesabu siku. Na wewe, Tojinisso, sikutegemea."

Hilo lilinichoma. Nasingiziwa mengi katika nyumba hii, mengi nayastahili, lakini hili sikulifanya. Niliapa nitamkamata huyo mwenye kumwaga maji, na moyoni nilikuwa nimeshamkamata: ni Bi Savri, anapitisha birika juu ya ukuta. Alfajiri iliyofuata nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni na mtwango mkononi, si kwa kupiga, kwa kutisha tu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyetoka alikuwa mama mkwe wangu, mikono ya gauni imekunjwa, uso unadondosha maji ya udhu. Mkono mmoja ameshika ukuta, mkono wa pili birika lake la shaba, na kwapani beseni dogo analotawadhia. Maji ya udhu hayamwagwi popote tu, hayapaswi kukanyagwa. Na katika uwanja wetu wote, wenye kuku, ndama, watoto na Bi Savri, palikuwa na mahali pamoja tu pasipokanyagwa na kiumbe: pale mwanawe alipozungushia uzio.

Akainama juu ya fito. Akamwaga ya beseni kwanza, taratibu, kisha akaongeza yaliyosalia ndani ya birika.

"Kunywa, mpenzi wangu," akaliambia lile tope. "Mwanangu hajui, mwanamume hajui kiu ya mtu. Mimi nipo. Kunywa upate nguvu ya kutoka, uniguse macho haya mara moja tu tena. Sikuombi zaidi."

Mtwango ulikuwa umeniganda mkononi. Ningeweza kutoka palepale nikamwita Safarmad, nikasafishwa jina mbele ya nyumba nzima, na kwa muda wangu wote katika nyumba hii sijapata nafasi nzuri kama ile ya kumshinda mama mkwe wangu. Lakini nilimtazama mgongo. Ulikuwa umepungua lini namna ile, sijui. Nikafikiri: huyu akiambiwa ameliua kwa mkono wake mwenyewe, hatalala kwenye sandali kungoja tena. Atalala tu. Na mimi, Mungu anisamehe kwa jinsi ninavyolalamika, sikutaka nyumba isiyokuwa na mtu wa kuniuliza habari za chekeche.

Nikarudi ndani kwa ncha za vidole. Ulimi wangu haujawahi kulala njaa, lakini siku ile niliulaza.

Majani ya mitofaa yakapukutika, mama mkwe akaanza kufa kama kawaida, akaita watu, akaomba radhi, akaingia kwenye sandali. Theluji ikafunika uzio. Kila adhuhuri alifuta ukungu wa dirisha kwa mkono wa gauni akachungulia.

"Chini ya theluji hiyo linajipanga," aliniambia. "Nimelisaidia kidogo."

"Umelisaidiaje, Mama?"

"Kwa dua," akasema, akatazama pengine.

Mwezi wa pili ukaingia, theluji ikaanza kuchoka. Udongo wa ndani ya uzio ukaonekana, mweusi, mtupu kama sahani iliyorambwa. Odina alikuja na boychechak, kiua kile cheupe cha bondeni ambacho hakijakatazwa, amekishika kwa mikono miwili. Mama mkwe akakinusa, akamrudishia.

"Huyu ni jirani yake. Mimi nilimwalika mwenyewe."

"Mama mkubwa, na huyu naye ni machipuko."

"Yapitishe machoni pako, basi. Wewe bado kijana, utavuka kwa chochote."

Safarmad hakuvumilia. Mtu anayejilaumu akikosa pa kuuweka mzigo, humtwika mwenziwe. "Lingekuwapo, Mama," akasema kwa sauti iliyojaa chumba. "Yote yangekuwapo. Yalioza kiangazi, kwa maji. Kila siku mtu alikuwa anamwaga maji pale. Muulize bibi arusi na ndoo yake."

Mama mkwe akanigeukia. Macho yake yana utando, lakini siku ile yalinishika kama koleo la mkaa. Mimi nilikuwa namimina chai. Nikaendelea kumimina.

"Maji?" akauliza. "Maji ndiyo yaliyaozesha?"

"Si nilisema hata tone," Safarmad akasema.

"Ulisema," akajibu mama yake.

Nilisubiri anigombeze. Hata chekeche hakulitaja. Akageuka upande wa ukuta, na tangu saa ile hakufuta tena dirisha.

Kufa kwa miaka yote kulikuwa na kelele. Huku hakukuwa na kelele, na ndiko kulikoniogopesha. Alianza kugawa vitu. Sinia la shaba akampa Bi Savri, na hakumnyang'anya kesho yake kama alivyozoea. Bi Savri mwenyewe alirudi nalo analia, akisema sinia likikubaliwa ni kama kukubali habari yenyewe, ingawa nilimwona amelishika kwa nguvu. Mchuzi wa tambi ninaompikia alionja kijiko kimoja, akasema una chumvi ya kutosha. Mchuzi wangu haujawahi kuwa na chumvi ya kutosha tangu niolewe. Nikatoka nje nikalia karibu na ng'ombe.

Ndipo ng'ombe akadondokewa na tone. Theluji ya juu ya zizi ilikuwa inayeyuka, na isipoondolewa paa hulemewa. Nikajifuta, nikachukua koleo la mbao, nikapanda ngazi, nikaanza kuisukuma theluji iangukie nyuma kwa hasira zangu zote. Nilipofika kwenye lile lundo langu la mabonge nikainua koleo nipige barafu, na mkono ukakataa kushuka.

Katikati ya mabonge, kwenye ukingo wa theluji, lilikuwa limesimama. Moja. Limekunja shingo kidogo, zambarau kama usiku wa manane, na ulimi wa manjano ndani. Bila shaka tunguu lilikuja ndani ya bonge, likashindiliwa hapo pamoja na mengine, likaokwa na jua kiangazi kizima pasipo mtu wa kulihurumia. Paa halina wageni, wala chai, wala thawabu.

Nikaketi juu ya theluji. Kisha nikaita, na nadhani niliita vibaya, maana Safarmad alitoka na ndoo ya maji akidhani kuna moto.

"Weka hiyo ndoo mbali," nikamwambia. "Usithubutu kupanda nayo."

Alipanda, akaliona, akavua kofia. Odina, ambaye alikuwa amekuja kula, akapanda nyuma yake. Tukachuchumaa watu wazima watatu juu ya zizi kama kuku.

"Nalikata nimpelekee," nikasema.

"Hapana," Safarmad akanishika mkono. "Ni moja tu. Likikatwa halizai mbegu. Mwakani tutampa nini?"

"Na mimi, kisheria," Odina akaanza.

"Sheria inasemaje juu ya paa la zizi?" nikamuuliza.

Odina akafikiri. "Juu ya paa haisemi kitu. Lakini nisingependa kulikata."

"Basi ling'olewe na bonge lake."

"Uivunje mizizi?" Safarmad akasema. "Siligusi."

"Nani yuko juu ya zizi langu?" Ilikuwa sauti ya Bi Oymo kutoka dirishani. Alikuwa amelifuta.

Safarmad akainama ukingoni. "Mama, limetoka. Lakini liko huku juu."

Kisha dirisha likafunguka zaidi. "Nipeni maji ya moto nitawadhe," mama mkwe akasema. "Na koti langu la kijani. Na nani ameegemeza ngazi vibaya namna hiyo?"

Alikuja uani kwa miguu yake, koti la kijani, kilemba cheupe, birika lake la shaba mkononi, na hakutaka kumpa mtu amshikie. Alipanda kipago cha kwanza cha ngazi. Alipanda cha pili. Hapo akakwama, haendi juu, harudi chini, Safarmad anamsukuma kwa bega, Odina anamvuta kwa mkono wa koti. Bi Savri alikuwa ameshafika kutazama. "Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma," akasema, na mama mkwe akamjibu kutoka ngazini kwamba arudishe sinia.

Nilisikia moyo wangu ukicheka kwa mara ya kwanza tangu theluji ianguke.

Tulimshusha. Safarmad akasimama akimtazama mama yake, akalitazama paa, akatoka bila kusema. Punde tukasikia ngurumo. Aliingia na tingatinga la kuondolea theluji, lile lenye koleo kubwa la chuma mbele, na kwa kuwa lango letu lilijengwa kwa ajili ya punda, nguzo moja ya lango iliingia nalo. Nikatandika mfarishi ndani ya koleo, nikaweka mito, mmoja wa mgongo na mmoja wa heshima. Mama mkwe akaingia, akakaa, akapanga koti lake, akaweka birika mapajani.

"Polepole, Safarmad," akasema. "Mimi si kokoto."

Nimeona bibi arusi akipandishwa farasi na maiti akipandishwa jeneza, lakini sijaona mtu akipandishwa kwa taadhima kama ile. Kijiji kizima kilikuwa ukutani. Koleo lilipanda shubiri kwa shubiri, mume wangu ametoa ulimi kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, mpaka likafika usawa wa paa. Mimi nilikuwa juu, nikamshika mama mkwe kiwiko. Akainama kutoka ndani ya koleo, akainama zaidi, mpaka nikamkumbatia kiuno asidondoke, na akalipeleka jicho lake kwenye ua. Jicho la kulia. Kisha la kushoto. Petali zilitetemeka kwa pumzi yake.

"Tumefika," akasema. "Alhamdulillahi, tumefika tena."

Chini Bi Savri akalia kwa sauti, kwa kuwa hafanyi jambo kimyakimya.

Mama mkwe akajinyoosha. Hakuniachia mkono. "Aliyelileta hupewa zawadi. Nani amelileta?"

"Limekuja lenyewe, Mama."

"Hakuna kinachokuja chenyewe. Chukua." Akanipa birika.

"Mama, unampa birika lililobonyea?" Safarmad akacheka kutoka kwenye usukani. "Mpe hata kitambaa."

"Wewe endesha," akamwambia, kisha akainamisha kichwa chake karibu na changu, sauti ikashuka, ikawa yangu peke yangu. "Lifiche. Nikibaki nalo nitapanda huku kila alfajiri kulinywesha, najijua. Siku ile ulisimama nyuma ya mlango wa jikoni. Macho yangu ni mabovu, lakini pua ni nzima. Kijiji kizima hakuna mwingine anayenuka mkate ulioungua. Nilidhani utanichongea kwa mwanangu. Nikangoja. Nikangoja mpaka mwanangu alipokubebesha wewe, mbele yangu, na wewe ukamimina chai. Wewe, Tojinisso, unayejibu hata ukiwa usingizini."

Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu siku ya harusi.

Nilishika birika kwa mikono miwili. Lilikuwa bado na joto la maji yake.

Safarmad akaanza kushusha. Mama mkwe wangu akawa anakwenda chini taratibu ndani ya koleo lake, mito yake miwili, koti la kijani, kijiji kinamtazama, na yeye anaukagua uwanja wake upande huu na upande ule, akaona nusu ni kavu, akakunja uso. Usawa wa ukingo wa paa akainua mkono, mwanawe akasimamisha chombo.

"Na mwakani, bibi arusi," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Bi Savri, "ukiziba paa, usichekeche udongo. Nitakuwa naangalia."